WipEout, mwaka 2052, na programu yangu iliyoliwa na chumvi

Haya ndugu wasomaji, leo tuziweke kando hifadhidata na seva, tuzungumze gemu. Najua wapo watakaosema mtu mzima na ndevu zake anaandika habari za michezo ya watoto. Vumilieni kidogo. Mkifika mwisho mtaona kwamba hii ni habari ya kazi yetu.

Juma lililopita nilicheza WipEout tena. Kwa wasioijua, ni gemu ya mbio iliyotoka mwaka 1995, na hadithi yake inatokea mwaka 2052. Magari yake hayana magurudumu. Ni vyombo vinavyoelea juu ya njia kwa nguvu ya kupinga uvutano wa dunia, na wakati wa mashindano unaokota silaha njiani: roketi, makombora yanayomfuata mtu, mabomu ya kutega, ngao ya kujikinga. Aliyekutangulia humshindi kwa kasi peke yake. Unampiga roketi ya mgongo, anayumba, unapita.

Kilichonishangaza si mchezo wenyewe bali namna nilivyoucheza. Sikuwa na PlayStation wala sidi. Niliufungua ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta ileile ninayofanyia kazi, hapahapa Malindi, na ulikwenda laini kuliko ulivyopata kwenda mwaka uliotoka. Nikajiuliza: mchezo wa karne iliyopita umefikaje hapa ukiwa hai, na vya kwetu vya juzi tu viko wapi? Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mara ya kwanza niliuona katika banda la gemu. Watu wa Malindi na Kilifi wa rika langu hawahitaji maelezo: chumba cha mabati, televisheni tatu nne juu ya meza, feni moja inayozungusha joto lilelile, na benchi lililojaa watoto wanaongoja zamu. Wengi walikuja kwa mpira. WipEout ilikuwa ya wachache, maana haikuwa na Brazil wala Ronaldo, lakini sisi wachache tulikuwa wagonjwa nayo.

Yapo mambo mawili tuliyoyazoea bila kujua sababu zake. Nilikuja kuyaelewa miaka mingi baadaye, nilipokwisha kusomea kompyuta.

La kwanza, mwaka 2052 wetu sisi ulikuwa mweusi na mweupe. Televisheni za Kenya zilitumia mfumo wa PAL, kama nchi nyingi za Ulaya. Sidi zetu zilikuwa za kuchoma, na nyingi zilikuwa nakala za matoleo ya Marekani, yaani mfumo wa NTSC. Mifumo hii miwili husafirisha mwangaza wa picha kwa njia zinazokaribiana, lakini rangi kila mmoja huisafirisha kivyake. Televisheni isiyoijua NTSC inaweza kuonyesha picha, lakini rangi haiioni. Kwa hiyo tulikuwa tukikimbiza vyombo vya kijivu kwenye njia za kijivu chini ya mbingu ya kijivu, na tuliamini kwamba ndivyo mchezo ulivyo.

La pili, hatukuwa na muziki. Nyimbo za WipEout ziliwekwa kwenye sidi kama nyimbo za sidi ya kawaida. Ungeweza kuitia sidi hiyo kwenye redio ukazisikiliza. Sasa mchomaji akitaka kubana nafasi au kumaliza haraka, alinakili sehemu ya data peke yake na kuziacha nyimbo. Mchezo uliwaka vizuri, vyombo vikavuma, roketi zikalia, muziki hakuna. Mwenye banda alijaza pengo hilo kwa redio yake: taarab mchana, bango la Mzee Ngala jioni. Hadi leo nikikata kona kali katika WipEout nasikia bango kichwani.

Kumbe, na hili ndilo lililonichekesha nilipolisoma, mchezo wenyewe ulizaliwa kwa njia hiyohiyo. Nick Burcombe, mmoja wa waliouanzisha, alikuwa akicheza Super Mario Kart ya Nintendo. Ilipofika njia ya mwisho, ile ngumu, alizima muziki wa gemu na kuweka muziki wake wa dansi ya kielektroniki. Akaona kasi ya wimbo na kasi ya gari vimeshikana. Wazo la kutengeneza mchezo wa mbio ambao muziki wake ni wa kumbi za dansi lilitokana na jambo hilo. Burcombe alizima muziki kwa hiari yake, sisi tulizimiwa na mchomaji wa sidi, lakini wote tuligundua kitu kimoja: mbio zinahitaji ngoma, na ngoma inaweza kutoka popote.

Burcombe alifanya kazi Psygnosis, kampuni ya gemu ya Liverpool, Uingereza. Sony iliinunua kampuni hiyo mwaka 1993, wakati ikijiandaa kuingia katika biashara ya gemu. Burcombe na mwenzake Jim Bowers, mchoraji, walilizungumza wazo lao katika baa moja ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Bowers akatengeneza filamu fupi ya kompyuta kuonyesha vyombo hivyo vikikimbia. Vielelezo vya namna hiyo vikaonekana pia katika sinema ya Hackers ya mwaka 1995, pale vijana wawili wanaposhindana kwenye mashine ya gemu. Mchezo waliokuwa wakiucheza kwenye sinema haukuwepo bado. Ulikuwa picha tu, na kazi ya kuugeuza kuwa programu ikawaangukia waandishi wa programu. Wenzangu mnaofanya kazi na watu wa mauzo mnaijua hali hiyo.

PlayStation ilipoanza kuuzwa Ulaya tarehe 29 Septemba 1995, WipEout ilikuwa miongoni mwa michezo iliyotoka nayo. Alama, herufi na mabango ya timu vilichorwa na The Designers Republic, kampuni ya usanifu ya Sheffield. Muziki ulitungwa na Tim Wright kwa jina la CoLD SToRAGE, na toleo la Ulaya likaongezewa nyimbo za Leftfield, Orbital na Chemical Brothers. Sony ilitaka PlayStation ionekane mashine ya vijana wanaokwenda dansi, si ya watoto wa shule peke yao, na mchezo huu ulifanya kazi hiyo.

Sasa tuingie jikoni. PlayStation ilikuwa na prosesa ya mwendo wa megahezi 33 na ushee, kumbukumbu kuu ya megabaiti 2, na kumbukumbu ya picha ya megabaiti 1. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuzidi vyote hivyo kwa pamoja. Ndani ya prosesa palikuwa na kipande maalumu cha hesabu za jiometri, cha kugeuza pointi za dunia ya pande tatu kuwa pointi za kioo. Lakini mashine nzima haikuwa na uwezo wa kuhesabu desimali zinazoelea. Kila hesabu ilifanywa kwa namba nzima, na mwandishi wa programu alikubaliana na nafsi yake kwamba, kwa mfano, 4096 maana yake ni moja. Nusu ni 2048. Ukijisahau mahali pamoja, chombo kinaruka nje ya njia.

Haikuwa pia na njia ya kujua kitu gani kiko mbele ya kingine. Kadi za picha za baadaye huweka umbali wa kila nukta, na nukta ya karibu huifunika ya mbali. PlayStation haikuwa na nafasi ya anasa hiyo. Mwandishi alizipanga pembetatu zote kutoka ya mbali hadi ya karibu, kisha akazichora kwa mpangilio huo, kila ya karibu ikifunika iliyotangulia. Wale wachoraji wanaowauzia watalii picha ufukweni hufanya vivyo hivyo: mbingu kwanza, kisha bahari, kisha jahazi, mwisho mnazi wa mbele. Mpangilio ukikosewa kidogo, mnazi unakaa nyuma ya jahazi. Ndiyo maana katika gemu za PlayStation unaona vipande vya ukuta vikirukarukana. Na picha zilizobandikwa juu ya pembetatu zilipinda karibu na macho yako, kama kanga iliyovutwa pembe moja, kwa sababu mashine ilizinyoosha bila kujali umbali.

Ndani ya faili za mchezo, njia ya mbio ni mlolongo wa vipande. Kila kipande kinajua kinachokifuata, kinachokitangulia, na kama pana njia panda kinajua na tawi lake. Chombo chako wakati wote kinajua kiko kipande gani. Kutoka hapo programu inahesabu uko juu ya uso wa njia kwa kiasi gani: ukishuka sana inakusukuma juu, ukipanda inakurudisha. Kuelea kote kule tulikokuona kama uchawi ni hesabu hiyo moja inayorudiwa. Mpinzani anayeendeshwa na kompyuta anafuata mlolongo huohuo. Na breki ni mbili, ya kushoto na ya kulia, kila moja kwa kidole chake. Ukishika ya kushoto peke yake, upande huo unakamata upepo na pua inageuka. Aliyezijua breki hizo alitamba banda zima. Asiyezijua aligonga kuta mpaka zamu yake ikaisha.

Lakini lipo jambo ambalo tukiwa watoto hatukuliona, nami nimeliona safari hii. Njia za WipEout ya kwanza zimewekwa Canada, Ujerumani, Japani, Urusi, Marekani na Greenland. Ya saba iko Mirihi. Timu ni nne, na hakuna hata moja ya Afrika. Watu wa Liverpool walipoufikiria mwaka 2052, sayari nyingine ilipata njia ya mbio kabla ya bara letu. Timu ya Afrika ilikuja kuingia katika WipEout Pure ya mwaka 2005, miaka 10 baadaye, nayo ikaitwa Assegai, yaani mkuki.

Sisemi haya kwa uchungu. Kila mtu huchora anachokiona dirishani kwake. Ila sisi tuliokuwa tukicheza katika banda lile, tungetoka nje tukaenda kama kilomita 30 kaskazini hadi Ngomeni, tungekiona kitu ambacho Liverpool haikuwa nacho: majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu, San Marco na Santa Rita. Roketi zilirushwa kutoka hapo kwenda angani. Ulikuwa mradi wa Waitalia, ukiongozwa na Luigi Broglio, na roketi zilikuwa za aina ya Scout, za Marekani. Setilaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988, na jumla ni setilaiti 9. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya hesabu. Karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo wa bure, na mashariki ni bahari tupu, kwa hiyo kinachoanguka hakimwangukii mtu.

Wazee wa Ngomeni walikuwa wakitazama roketi wakati PlayStation haijafikiriwa. Mustakabali ule uliochorwa bila sisi ulikuwa umekwisha kupita juu ya mitumbwi yetu. Nitarudi Ngomeni mwishoni, maana huko ndiko kuna jibu la swali langu.

Kwanza tumalize habari ya WipEout. Ilifuatwa na 2097 mwaka 1996, ambayo wengi tunaiona bora kuliko zote. Humo silaha zilianza kuumiza kwelikweli: ukipigwa sana chombo kinalipuka, na ukitaka kupona unapita pembeni kuchaji. Zikafuata nyingine hadi WipEout 2048 ya mwaka 2012. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Sony iliifunga studio ya Liverpool. Watu wakatawanyika. Mchezo wa kwanza ulibaki ndani ya sidi zinazokwaruzika na mashine ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza.

Sasa sikilizeni kilichouokoa. Mwaka 2022 msimbo wa mchezo huo ulivuja mtandaoni. Kwa msomaji asiye wa fani yetu, msimbo ni maandishi ambayo mwandishi wa programu huyaandika kwa mkono wake. Kilichomo ndani ya sidi ni matokeo ya maandishi hayo, kama andazi lilivyo matokeo ya unga. Ukiwa na andazi unaweza kulila, huwezi kulirudisha kuwa unga. Uliovuja ni msimbo wa toleo la Windows, lililotengenezwa kwa ajili ya kadi za picha za ATI.

Mwandishi wa programu wa Ujerumani, Dominic Szablewski, aliuchukua. Huyu si mgeni wa WipEout. Mwaka 2015, kabla msimbo haujavuja, alikuwa ameshazisoma faili za mchezo baiti kwa baiti na kutengeneza ukurasa wa kuziona njia na vyombo ndani ya kivinjari. Alipoupata msimbo alikuta kile ambacho kila mmoja wetu angekikuta katika kazi yake ya zamani: tabaka juu ya tabaka. Kazi ya PlayStation, juu yake marekebisho ya DOS, juu yake marekebisho ya Windows, juu yake marekebisho ya kadi ya ATI, na hakuna aliyepata muda wa kufagia. Mwezi Agosti 2023 alitoa toleo lake aliloliandika upya kwa lugha ya C, fupi na linalosomeka. Linakwenda Windows, Linux, Mac, na ndani ya kivinjari. Ndilo nililolicheza.

Ipo kero. Szablewski hana leseni, na haoni haya kusema hivyo. Msimbo ni mali ya Sony, na kuvuja hakuugeuzi kuwa wa umma. Mimi ninaishi kwa kuandika programu, sitaki mtu avujishe kazi yangu, na sitawaambia vijana kwamba wizi ni uhifadhi. Lakini nikiwa mkweli sina budi kukiri kwamba mchezo huu ungeachwa kwa njia halali peke yake, nisingeuona ukienda kwenye kompyuta yangu. Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Ni ulinzi mrefu. Tatizo ni kwamba sheria inalinda haki ya msimbo, hailindi msimbo wenyewe. Hakuna diski itakayoingoja miaka hiyo 50. Kwenye hewa ya Malindi haifiki hata 10.

Hapo ndipo habari hii inaponigusa mimi.

Mwaka 2003 niliandika programu yangu ya kwanza ya kulipwa. Ilikuwa ya banda lilelile la gemu. Mwenye banda alichoka kubishana na watoto. Kila siku ilikuwa "Ami, bado dakika mbili!" na yeye "Mbili za wapi, mwanangu? Umekaa tangu adhuhuri!" Nikamwandikia kwa Visual Basic programu ya kupima muda. Kila televisheni ilikuwa na kisanduku chake kwenye kioo, cha kijani muda ukiwepo, cha njano ukikaribia kwisha, chekundu kengele ikilia. Jioni ilijumlisha mapato. Ugomvi ulikwisha, maana mtoto habishani na kompyuta. Wenye mabanda wengine wawili wakaitaka. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hii inaweza kuwa kazi ya mtu.

Leo sina hata mstari mmoja wa programu ile. Kompyuta niliyoiandikia ilikaa dirishani, upepo wa bahari ukiingia. Siku nilipoifungua bodi yake ilikuwa na kutu ya kijani kama shaba ya msikitini, na diski ikagonga mara tatu ikanyamaza. Nakala niliyoiweka kwenye diski laini ilikuwa imeota ukungu. Mabanda yalifungwa moja baada ya jingine simu zilipoingia, na kompyuta zao zikauzwa kwa kilo. Simlaumu mtu. Uzembe ni wangu. Ila tazameni: mchezo wa Liverpool wa mwaka 1995 unakwenda Malindi leo, na programu ya Malindi ya mwaka 2003 haiendi popote.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya Kenya ya pande tatu, wakati ambapo hapakuwa na shule wala soko la kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Planet Rackus ya Nairobi ikatoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu, kwa ajili ya simu za Nokia. Hiyo ndiyo iliyokuwa jamaa ya karibu ya WipEout hapa kwetu. Haina roketi, lakini aliyewahi kupanda matatu ya Nairobi anajua kwamba silaha haikuhitajika. Duka la Nokia la programu lilifunguliwa mwaka 2009 kwa jina la Ovi, na mwaka 2015 nafasi yake ikachukuliwa na duka la Opera. Simu zenyewe zimekwisha kutupwa. Gemu iliyoandikwa kwa simu za namna hiyo haiwezi kuhamia kwenye simu ya leo kwa miguu yake. Lazima mtu aishike mkono, na mtu huyo lazima awe na msimbo.

Sasa turudi Ngomeni kama nilivyoahidi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka jukwaani pale setilaiti ya kuchunguza mionzi ya eksi kutoka angani, ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo peke yake. Kwa heshima ya siku na mahali ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Setilaiti yenyewe haipo tena, na roketi hazirushwi. Lakini vipimo vyake vilipangwa katika orodha, vikachapishwa. Orodha ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya mionzi, na kila kimoja kilipewa jina linaloanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Mwanaastronomia yeyote duniani, leo hii, akiandika juu ya vyanzo vile bado anaandika 4U na namba zake. Herufi ile U ni neno letu la Kiswahili. Chuma kimekufa, jina linaishi, kwa sababu mtu aliandika, akapanga, na akaweka mahali ambapo mwingine anaweza kusoma.

Jibu la swali langu ni hilo. WipEout haikuokoka kwa sababu ni nzuri, ingawa ni nzuri. Gemu nzuri zimekufa nyingi. Imeokoka kwa sababu siku moja msimbo wake ulifika mikononi mwa mtu anayejua kuusoma. Kwa upande wao ulifika kwa bahati, na kwa njia isiyo halali. Sisi hatuna haja ya kungoja bahati wala mwizi, maana kazi zetu ni zetu.

Basi ombi langu kwenu waandishi wa programu wa Malindi, Kilifi na kwingineko ni dogo. Wiki hii fungua ile diski ya zamani iliyo ndani ya droo. Ile mfumo wa ada za shule, ile programu ya duka la dawa, ile gemu uliyoanza ukiwa chuoni. Kama ni mali ya mteja, mwombe ruhusa. Kama ni yako, iweke hadharani. Andika ukurasa mmoja ukieleza inafanya nini, iliandikwa mwaka gani, kwa lugha gani na kwa mashine ipi. Weka nakala mahali patatu, na angalau pamoja pawe mbali na bahari. Usione haya kwa ubovu wake. Msimbo wa WipEout ulikuwa fujo, na hakuna aliyecheka.

Mimi nimeanza. Jioni mbili hizi nimejaribu kuiandika upya programu ya banda kutoka kichwani. Visanduku vimerudi, rangi zimerudi, kengele inalia. Jambo moja limenishinda. Mwenye banda alikuwa na utaratibu wake wa kumrudishia mtoto dakika umeme ukikatika katikati ya mchezo, utaratibu wa haki ambao kila mtoto aliukubali, nami niliuweka katika mistari kama 20 hivi. Siukumbuki. Nilikwenda kumuuliza kwao. Mzee alifariki, Mungu amrehemu, na wanawe hawaujui. Mistari ile 20 ilikuwa mahali pekee ulipoandikwa.

Tukijaaliwa, juma lijalo tunarudi kwenye hifadhidata.